Kufuata dagaa mwisho wa reli: namna ya kununua Kigoma ukitokea Dar bila kupigwa

Wakuu habari za saa hizi. Kila wiki lazima atokee mtu kwenye meza yangu hapa Mbagala aniulize we dada hawa dagaa wa Kigoma unawatoa wapi mbona wanang'aa hivi, namwambia nawatoa Kigoma, anacheka, anajua namzuga. Sasa mimi simzugi mtu, nawafuata mwenyewe, na safari ya kwanza nilipigwa vizuri tu nikarudi na magunia ambayo nusu nilikuja kuwauzia wafuga kuku. Kwahiyo naandika yote hapa, njia, watu wa kuongea nao, kukagua, kufunga mzigo, na historia ya ule mji kidogo. Hiyo historia msiiruke mkaona mambo ya darasani, maana usipoielewa utabaki unashangaa kwanini bei ya jana sio ya leo na hamna mtu aliyekupigia simu kukwambia.

Kwanza ujue unaenda mji gani. Kigoma wenyewe wanaiita mwisho wa reli na ni kweli, reli ya kati ilianza kujengwa hapa hapa Dar mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907, Tabora 1912, Kigoma ikagonga maji Februari 1914, kilometa kama 1,250 hivi. Mjerumani hakuchimba milima yote ile ili sisi wa Mbagala tule dagaa. Alikuwa anataka mali za ng'ambo ya ziwa, Kongo huko, zishuke zije bandari ya Dar zipande meli. Yaani toka siku ya kwanza ule mji umejengwa ukiwa umeangalia ziwani, sisi wa Dar tupo mgongoni kwake. Hili neno lishike, kila kitu nitakachosema kuhusu bei kinarudi hapo.

Na hata kabla ya Mjerumani mambo yalikuwa hivyo hivyo, ila bandari ilikuwa Ujiji, sio Kigoma. Misafara ilikuwa inatoka Bagamoyo inapita Tabora inaishia Ujiji, inarudi na pembe za ndovu na watumwa waliotolewa Manyema ng'ambo ya ziwa. Burton na Speke walifika pale 1858, Stanley akamkuta Livingstone pale 1871, na kuna makumbusho mpaka leo ukitaka kupiga picha. Baadaye akaja Rumaliza, jina lake hasa Mohamed bin Khalfan, mzaliwa wa Lindi, mtu wa pwani kabisa, akawa ndo mkubwa wa Ujiji. Kwahiyo mtu wa pwani kwenda kule kutafuta mali hujaanza wewe wala mimi. Reli ilipofika wakaona ghuba ya Kigoma ina kina, meli inasogea mpaka gatini, wakati Ujiji ufukwe ni wa maji mafupi, basi biashara ikahama kilometa chache tu na Ujiji ikabaki na misikiti yake, miembe yake na wenyeji wake. Mji mzima ulipoteza kazi kwa sababu ya kina cha maji. Leo vyote viwili ni manispaa moja, Kigoma Ujiji, ila ukimwita mtu wa Ujiji ni wa Kigoma mjini atakurekebisha.

Kisa cha Liemba lazima nikiseme maana nakipenda. Ile meli ilitengenezwa Ujerumani 1913, wakaifungua vipande vipande, wakaviweka kwenye maboksi elfu kadhaa, yakashushwa hapa bandari ya Dar yakapanda treni mpaka Kigoma, wakaiunga upya, ikaingia majini 1915, ikiitwa Graf von Götzen. Vita ya kwanza ya dunia ikawazidi, Julai 1916 Wajerumani wakaizamisha wenyewe ila wale mafundi wakazipaka injini grisi kwanza, wakiamini kuna siku itahitajika. Waingereza wakaiibua 1924, 1927 ikarudi kazini ikiitwa Liemba. Mimi nikifunga mzigo wangu huwa nawakumbuka wale mafundi, wanazamisha meli na bado wanapaka grisi, halafu kuna dalali anashindwa kufunika magunia yako turubai. Ila usipange safari kwa kuitegemea, miaka ya karibuni imekaa sana kwenye matengenezo.

Baada ya vita Mwingereza akachukua Tanganyika, Mbelgiji akabaki na Kongo na Ruanda-Urundi, na hakutaka kukosa njia ya baharini, ndo wakakubaliana 1921 apewe sehemu yake bandari ya Dar na nyingine bandari ya Kigoma, kodi yake faranga moja kwa mwaka. Faranga moja! Watu wa bandarini wazee walikuwa wanaziita Belbase. Mzigo wa Kongo unashuka Dar kwenye gati la Mbelgiji, unapanda treni, unashuka Kigoma kwenye gati la Mbelgiji tena, unavuka. Sisi katikati tulikuwa njia tu. Siku hizi Belbase hamna ila kazi ya mji ni ile ile, ukikaa pale bandarini utaona saruji na bidhaa za dukani zinapakiwa kwenda Kalemie na Uvira za Kongo, na Bujumbura ya Burundi, na boti za mbao zinazobeba watu, magodoro na sabuni kwa pamoja.

Sasa hii inakuhusu nini wewe mwenye mtaji wako wa kuungaunga? Inakuhusu kwa sababu ukifika mwaloni, pale ufukweni mitumbwi inaposhusha samaki, ukaona dagaa wametandazwa wengi, usidhani wanakusubiri wewe. Wanunuzi wa Burundi na Kongo wapo humo humo, kule wanaita ndagala na wanawapenda kuliko sisi, wengine wana dola mkononi. Siku boti za ng'ambo zimejaa pale Kibirizi, mwalo mkubwa wa mjini, zinasubiri mzigo, bei inapanda mbele ya macho yako na mama uliyekubaliana nae asubuhi anakwambia mwanangu samahani. Siku ng'ambo kumechafuka, mpaka una shida au boti hazivuki, bei inashuka, na hapo ndo wewe wa Dar unanunua vizuri. Inauma kusema ila ndo ukweli. Ng'ambo ikipiga chafya Kigoma inapata mafua, na sio dagaa tu, 2015 Burundi ilipochafuka watu walikimbilia Kagunga, kijiji cha mpakani, kwa maelfu, Liemba ikawa inawabeba kuwaleta Kigoma. Kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kule Kasulu ipo toka 1996. Watu wote hao wanakula, kwahiyo soko la chakula la mkoa ule halipimwi kwa wenyeji peke yao. Kabla sijakata tiketi huwa nasikiliza kwanza taarifa za Burundi na Kongo mashariki, mume wangu ananicheka anasema mama dagaa amekuwa mwanadiplomasia.

Cha pili ni mwezi, na hapa ndo nilipigwa mara ya kwanza, kwahiyo nitakaa kidogo.

Dagaa wa Tanganyika wanavuliwa usiku kwa taa. Zamani karabai, sasa hivi wengi taa za sola na betri. Mvuvi anawasha taa, dagaa wanapanda wanaufuata mwanga, wavu unainuliwa na wao juu. Mwezi ukiwa mkubwa ziwa lote lina mwanga, taa yako haina maana, dagaa wanatawanyika, wavuvi wanarudi patupu au hawaendi kabisa, wanakaa wanashona nyavu na kucheza bao. Hiyo inaitwa mbalamwezi. Mimi nilifika Kigoma mwezi umejaa kama sinia, nikaona mwenyewe mzuri mno ziwani nikapiga na picha, kumbe hiyo picha ilinigharimu. Wiki hivi hamna mzigo mpya, waliokuwepo ni masalia ya walioanikwa siku nyingi, na kwa kuwa hela ya gesti inaenda kila siku nikanunua hayo hayo masalia kwa bei ya juu. Mwenyeji gani angenunua siku zile? Hakuna. Nilikuwa mimi na mwezi.

Dawa yake rahisi sana. Kama unazijua tarehe za Kiislamu umemaliza, tarehe 13, 14 na 15 mwezi umejaa, zile siku nyeupe wanazofunga watu. Kwahiyo we panga ufike kuanzia kama tarehe 24 au 25 ya mwezi huo wa Kiislamu, giza limeshaingia vizuri, ununue mpaka mwezi mwandamo na siku chache mbele. Kama huzijui angalia juu tu, au muulize bibi yoyote. Wiki ya kwanza ya giza bei huwa bado ina njaa ya mbalamwezi, watu wote wamekosa mzigo wanagombania, ikifika katikati ya giza mzigo unamwagika bei inatulia. Hapo ndo uingie.

Juu ya mwezi kuna na majira. Masika ya kule inaanza kama Oktoba au Novemba inaenda mpaka Aprili, na dagaa akianikwa mvua ikamkuta mara mbili anageuka njano anatoa harufu, hata ukimkausha vipi. Kiangazi Juni mpaka Septemba jua zuri, ila hapo napo kuna jambo, ziwa linafungwa. Mwaka 2024 serikali ilifunga uvuvi Ziwa Tanganyika miezi mitatu, Mei 15 mpaka Agosti 15, ili samaki wazaliane, na kwa mtu wa Dar ambaye hakusikia ile habari ilikuwa ni nauli kwenda kuangalia mitumbwi imepumzika. Uliza kila mwaka kabla hujaondoka. Kuna watu wanalaumu sana ule ufungaji, mimi nimeongea na wavuvi wazee pale wakaniambia mgebuka, yule samaki mkubwa kuliko dagaa, wa zamani na wa sasa hawafanani kwa ukubwa wala wingi, kwahiyo mimi nipo upande wa kufunga hata kama unaniumiza mfukoni.

Kufika sasa. Ukiwa na haraka na hela, ndege ipo toka Dar moja kwa moja. Basi linatoka stendi ya Magufuli pale Mbezi, linapita Dodoma, Tabora, linavuka Malagarasi kwenye daraja la Kikwete, unashuka umevimba miguu ila umefika. Treni ya SGR, ile mpya ya umeme, toka Julai 2024 inakufikisha Dodoma kwa masaa machache tu, ila Kigoma haijafika, kwahiyo kwa mwisho wa reli treni ni ile ya zamani, ya reli ya Mjerumani, usiku mbili na wakati mwingine zaidi, na pale Tabora inagawanyika, mabehewa mengine Mwanza mengine Kigoma, ukilala fofofo kwenye behewa sio lako utaenda kununua dagaa wa Mwanza. Mimi nashauri safari ya kwanza nenda na treni. Sio kwa ajili ya raha. Ni kwa sababu utakaa siku mbili na wafanyabiashara wanaorudi kwao, na mpaka mnafika Uvinza utakuwa unajua bei ya dagaa, jina la mama wa kumwona, gesti ya bei nafuu na dalali wa kumkimbia. Hiyo elimu kwenye ndege hupati. Uvinza penyewe shuka ununue chumvi kidogo kama kuna muda, wale walikuwa wanachemsha chumvi na kuiuza mbali miaka mingi kabla ya Mjerumani hajaona hata mlingoti wa meli.

Kitu kimoja kitakachokuchanganya, saa. Kule wapo magharibi mbali, jua linatoka na kuzama nyuma ya letu la Dar kwa dakika kama 40. Saa kumi na mbili asubuhi ya Mbagala kumekucha watu wanagombania daladala, Kigoma saa hizo bado giza. Na mwaloni unatakiwa uwepo mitumbwi inapoingia, alfajiri yao.

Mwaloni nenda Kibirizi na Katonga, hizo ndo kubwa kwa pale mjini. Usiende umevaa kama unaenda kwenye harusi na usianze kwa kuuliza bei. Salimia. Wamama wa kule ndo wenye dagaa, mvuvi anavua lakini anayeanika, anayechambua na anayeuza mara nyingi ni mama. Ukimkuta mtu mzima shikamoo, na ukijua na mwakeye ya asubuhi, salamu ya Kiha, umeshapunguziwa kitu moyoni mwake kabla hata hujafungua pochi. Mimi na mama yangu wa Katonga tulianza hivi:

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, umetoka Dar?"

"Nimetoka Dar, umejuaje?"

"Mmefika na begi la magurudumu kwenye mchanga, mtatoka wapi kwingine?"

Nikacheka, akanipa kigoda, nikakaa nae mpaka saa nne bila kununua kitu. Siku ya pili ndo nikanunua. Mpaka leo nikimpigia simu ananiambia kweli, hata kama kweli yenyewe ni mwanangu wiki hii usije.

Madalali watakufuata toka stendi. Sio wote wabaya, ila dalali analipwa kwa gunia lililouzwa, sio kwa gunia zuri, kwahiyo elewa anapokusifia mzigo anausifia mfuko wake.

Kukagua mzigo ndo kazi yenyewe. Dagaa wa Kigoma mzuri ana rangi ya fedha, anang'aa ubavuni, kichwa kimeshika, ukimkunja anakatika kwa mlio, hapindi kama uzi. Akipinda hajakauka, na ambaye hajakauka atakulia uzito kwenye mizani hapa na kukuozea njiani kule. Shika konzi nzima usugue viganjani, angalia kilichobaki, kama ni magamba sawa, kama ni mchanga jua ameanikwa chini. Kuna wanaoanika kwenye vichanja na kwenye nyavu zilizoinuliwa, kuna wanaomwaga mchangani moja kwa moja, na tofauti ya bei ni ndogo ila mteja wako wa Dar akishatafuna mchanga mara moja harudi tena. Kipimo changu mimi natembea na kikombe cha plastiki, natia dagaa konzi moja na maji, nakoroga, nasubiri, mchanga unashuka wenyewe chini, huna haja ya kubishana na mtu. Mwanzoni wamama walinuna, sasa wananiita mama kikombe.

Halafu usikague juu ya gunia tu. Ingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, toa wa katikati na wa chini, kama muuzaji anakuzuia usitoe wa chini basi umeshapata jibu. Safari yangu ile ya mbalamwezi juu walikuwa fedha tupu, katikati kahawia, chini hata paka wa Mbagala angefikiria mara mbili. Na usikubali rumbesa wala kuuziwa kwa macho, pima kwa mizani, maana huku Dar unaenda kuuza kwa sado na kwa kipimo cha fungu, ukinunua kwa makadirio na kuuza kwa makadirio mwisho wa mwezi hujui kama umepata au umekula mtaji.

Na ujue unanunua nini. Dagaa wa Tanganyika ni wakubwa kidogo na weupe kuliko wale wa Mwanza, na wana ladha yao, Wazambia wanaita kapenta. Humo ndani utakuta na vitoto vya mgebuka vimechanganyika, sio kosa kubwa ila vikizidi bei ishuke. Mgebuka mwenyewe, ambae Warundi wanamwita mukeke, akiwa amebanikwa moshi vizuri anauzika Dar kwa watu wa Kigoma walioko huku, na wapo wengi kuliko unavyodhani, Wamanyema wapo Kariakoo na Ilala toka enzi za babu zao. Huyo ni mteja ambae hapunguziwi bei, anakumbuka kwao.

Vibali usivichukulie poa. Ukishanunua muone afisa uvuvi wa pale upate kibali cha kusafirisha mazao ya uvuvi, ulipe ushuru wa halmashauri upewe risiti ya mashine, na hizo karatasi zitembee na mzigo, zisibaki kwenye begi lako wewe uliyepanda basi lingine. Njia yote mpaka Dar kuna vizuizi na kila kizuizi kina mtu anauliza hii ni nini. Viongozi wa BMU, wale wasimamizi wa mwalo, watakuelekeza uanzie wapi, ni watu wa msaada sana. Usimpe mtu asiye na kitambulisho hela ya kibali, hata kama ameshika daftari na kalamu mbili.

Kusafirisha. Mimi mzigo wangu wa pili nilimpa mtu wa lori, jina lake silitaji, akaniambia dada turubai lipo usijali. Turubai lilikuwepo kweli, lilikuwa limefunika mzigo wa mtu mwingine. Mvua ikawakuta njiani, magunia yangu manne yakalowa, yakafika Dar yana joto ndani kama uji, ukungu juu. Niliyaanika siku mbili uani kwa mama mkwe, mtaa mzima ukanichukia. Toka hapo nafanya hivi: dagaa anapoa kwanza toka juani kabla ya kuingia kwenye gunia, ukimfunga wa moto anatoa jasho. Gunia liwe linapumua, yale yenye nailoni ndani kwa safari ndefu sikushauri. Usishindilie mpaka wavunjike. Andika jina na namba kwa wino usiofutika pande mbili. Simama wakati wanapakia mpaka uone kwa macho yako lipo wapi, mbali na dizeli, mbali na saruji, mbali na ndizi mbivu, chini ya turubai. Mimi husimama nimeshika chapati na chai, wapakiaji wananiita bosi kwa kejeli, sawa tu.

Kwa treni nayo mzigo unakuja na ni njia ya watu wengi, ila uwe na mtu wa kuupokea Dar siku hiyo hiyo.

Kama mtaji ni mdogo na dagaa ni ghali wiki hiyo usirudi mikono mitupu, geukia mawese. Kigoma ndo kwenye michikichi, pale Kihinga kuna kituo cha TARI, taasisi ya utafiti wa kilimo, cha hilo zao, na toka 2018 serikali imekuwa ikisukuma miche mipya ili nchi ipunguze kuagiza mafuta nje. Dumu la mawese halina mbalamwezi wala halilowi. Ila soko lake Dar linataka mtu anayejua kuyatumia, sio kila mama wa Mbagala anayataka kwenye maharage yake, na yakimwagika kwenye dagaa umepoteza vyote viwili, usipakie pamoja hata siku moja. Mafuta ya mise, ya ile mbegu ya ndani, yanaenda kwa watengeneza sabuni, hapo mimi sijaingia. Maharage ya Kasulu na Kibondo nayo mazuri ila hapo unapambana na wenye malori makubwa, mwache mwenye nguvu.

Ukifika Dar usikae na mzigo ukisubiri bei. Hewa yetu ya pwani ina maji, dagaa aliyekuwa anakatika kwa mlio Kigoma akikaa stoo Mbagala wiki mbili anaanza kulegea, wateja wanasema wa zamani hao. Fungua magunia siku hiyo hiyo, watandaze kwenye mkeka uani wapate jua la masaa mawili matatu, chambua waliovunjika uwatenge, hao wanauzika bei ya chini kwa wanaosaga unga wa lishe, usiwachanganye na wazima ili kuongeza sado, mteja anaona. Mimi nusu nawauzia wenzangu wa Tandika na Tandale kwa jumla siku mbili za kwanza ili hela ya safari irudi, nusu nabaki nayo ya mezani. Na usiwachanganye na wa Mwanza halafu uwaite wote wa Kigoma, najua mnafanya, mteja mwenye asili ya Ujiji anasimama pale mbele ya meza, anaokota mmoja, anautazama, anakutazama na wewe, anaondoka bila neno.

Mimi saa hizi mwezi wa Kiislamu ni tarehe 19, jana usiku nimeangalia juu umeanza kuchelewa kutoka. Nimempigia mama wa Katonga, anasema boti za Kalemie zipo tatu na wavuvi wanatengeneza taa. Nimemwambia anitunzie kigoda, begi la magurudumu safari hii naliacha Mbagala.